Bastola Niliyoijaribu Siku ya Idi

Rafiki yangu anatembea kwa mguu wa bandia na mkongojo kwa sababu ya bastola ambayo sikuinunua. Wanaoisikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani nilimpiga risasi. Sikumpiga. Risasi ilimwingia fahali, mahali nilipolenga au karibu na hapo. Yaliyomfika rafiki yangu yalitokana na risasi hiyo, na yaliyofuata niliyafanya kwa miguu yangu mwenyewe.

Nimeendesha teksi Alexandria, jimbo la Virginia, Marekani, kwa miaka mingi kuliko niliyoishi Tanga nilikozaliwa. Siku moja, majira ya baridi yakiisha, nilimchukua abiria mbele ya hoteli moja ya Oxon Hill, jimbo la Maryland, akataka nimpeleke Bladensburg, jimbo hilohilo. Ilikuwa mchana. Alikuwa na adabu, alinisalimia, akaniambia gari langu linanukia vizuri. Tulipofika kwenye mtaa alioutaka, karibu na mto, alinigonga kwa kitako cha bastola juu ya sikio, kisha mdomoni. Meno mawili yalivunjika, moja nikalimeza. Alichukua simu na pochi, halafu akaiona pete ya marehemu mke wangu, ambayo nilikuwa naivaa kwenye kidole kidogo. Ilipokataa kutoka, alikivunja kidole. Kiingereza kilinitoka chote. Nilimwita bwana. Nilimwita baba, kwa Kiswahili, mtu mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Aliposikia lugha asiyoijua alicheka, akanigonga tena, akashuka.

Kidole kilipona kikiwa kimepinda. Kile kicheko hakikupona. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikimuua yule mtu. Nilimuua nikitawadha, nilimuua nikingojea taa zigeuke kijani, nilimuua katikati ya sala, kwa namna ambazo sitaziandika. Abiria akiniambia "habari ya asubuhi" nilimtazama mikono kabla ya kumjibu.

Pale hotelini kulikuwa na Mkenya mmoja aliyekuwa akiegesha magari ya wageni. Aliniona nilivyovimba uso, akanisogelea dirishani.

"Mzae, hawa watu watakumaliza. Niko na kamoja kwa nyumba. Sijakatumia sana. Na bei iko chini."

"Kamoja nini?"

"Mzae, si unajua."

Ilikuwa bastola ndogo nyeusi, ya aina inayojipakia risasi yenyewe kila ukifyatua, na bei yake haikufika nusu ya kodi ya chumba changu. Jioni zile nilikaa kitandani na simu mpya nikitazama video za wanaume wakiifyatua bastola kama ile kwenye viwanja vya shabaha. Wengine waliisifu, wengine waliicheka. Wengi walisema inafaa kwa bei yake. Maneno hayo, "kwa bei yake", niliyasikia mara nyingi hata yakaanza kunituliza kama dawa.

Nilimweleza rafiki yangu. Huyu ni mtu wa Pemba, aliyestaafu kazi ya gereji za kuegeshea magari, na kwa miaka mingi mimi na yeye tulikuwa tunawachinjia watu wetu ng'ombe wa Idi Kubwa. Yeye alishika kamba, mimi kisu. Hatukuwahi kubadilishana.

"Utaiweka wapi?" aliniuliza.

"Nyumbani."

"Ulipigwa nyumbani?"

Dereva wa teksi hapa kwetu hupita chini ya sheria tatu tofauti kabla ya adhuhuri. Kibali cha bastola cha Virginia hakikusaidii Maryland, na ukivuka daraja kuingia jijini Washington unaanza upya. Mimi nilipigwa Maryland, na bastola niliyoitaka ingelazimika kulala kabatini Virginia.

"Kwa hiyo mwizi akikushika Bladensburg," alisema rafiki yangu, "utamwambia, bwana we, ningoje kidogo, nifike kwangu Alexandria nikaichukue?"

"Nitatafuta vibali vyote."

"Haya. Na kisu chako cha kuchinjia, yakhe, ulikinunua rahisi?"

"Ghali. Unajua."

"Kwa nini ghali?"

"Mnyama asiteseke."

"Mnyama umemnunulia kisu cha ghali. Roho yako mwenyewe unaitafutia cha mtumba."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilimwambia Mkenya kwamba nitaijaribu kwanza, na nikiridhika, Jumatatu tutakwenda wote kwenye duka lenye leseni, wanikague jina, tumalize kihalali. Tukapatana tuijaribu siku ya Idi kwenye shamba tunakochinjia, kwa kuwa naye alikuwa anakuja kununua mbuzi.

Shamba lenyewe liko Virginia, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Mwenye shamba ni mzee wa Kizungu anayewauzia wanyama watu wa kila aina, Waislamu wa Idi, Wakongo wa harusi, na kando ya banda lake amejenga sakafu ya saruji yenye bomba la maji ili watu wachinje wenyewe. Siku ile tulikuwa watu saba tuliochanga fahali mmoja, mimi na rafiki yangu tukiwemo, na familia zetu zilikuja na mabakuli, magodoro ya watoto na vibao vya kukatia nyama.

Mimi na Mkenya tulizunguka nyuma ya banda, penye ukuta wa udongo. Aliweka kopo la rangi. Nilikuwa sijawahi kushika bastola maishani. Risasi ya kwanza ilinishtua mpaka meno yaliyobaki yakauma. Ya pili ilinipendeza. Nilimweka yule mtu mahali pa kopo, nikafyatua mpaka kopo likawa halina umbo. Tulimaliza magazini mbili za risasi na haikukwama hata mara moja.

"Umeona?" alisema Mkenya. "Watu hudharau vitu za bei ya chini juu ya kujionyesha tu."

"Naichukua," nilimwambia.

Akajaza magazini tena, akaikoki, akanipa. "Kaa nayo leo, uzoee uzito yake." Nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi.

Tuliporudi, rafiki yangu alikuwa amesimama kwenye zizi, uso umemwiva kwa hasira. Fahali alikuwa anazunguka ndani, povu mdomoni, akigonga vyuma kwa kichwa.

"Mnachezea baruti kando ya mnyama wa kuchinjwa! Hata kisu haonyeshwi mnyama, nyinyi mnampigia bunduki masikioni?"

"Hakuona kitu," Mkenya alisema.

"Ana masikio, au kwenu ng'ombe hawana?"

Watu walicheka. Rafiki yangu alitaka tungoje mpaka fahali atulie. Jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wanalia, watu walikuwa na wageni nyumbani. Mchinjaji ndiye mwenye kauli ya mwisho, na mchinjaji nilikuwa mimi. Nikasema tuanze. Nilivua kanzu ya Idi, nikavaa suruali kuukuu na lile koti, nikakizungushia kisu taulo na kukiweka juu ya pipa, mbali na macho ya mnyama, kama inavyotakiwa.

Rafiki yangu alikuwa na namna yake ya kumlaza ng'ombe. Alimtia kitanzi cha shingo, akamtoa zizini hadi kwenye saruji, akaizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma, halafu kamba ya pili akaipitisha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Ukiivuta hiyo sawasawa, mnyama hukunja magoti mwenyewe, bila kupigwa wala kuangushwa. Nimemwona akilaza mafahali wakubwa huku anazungumza nao kama anazungumza na mgonjwa.

Alikuwa ameshafunga ya kifuani pale kamba ya shingo ilipoteleza nguzoni. Fahali alichomoka na kuja upande wetu. Wanawake walipiga kelele, watu wakatawanyika. Rafiki yangu hakuiachia kamba. Alikuwa anarudi nyuma naye, anaburutwa na hapohapo anaburuta, akisema, "Taratibu, bwana mkubwa. Taratibu." Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaipeleka kamba kwenye nguzo ya lango la zizi. Alihitaji mzunguko mmoja tu. Niliuona ule mkono. Sitaki mtu aseme sikuuona.

Nikatoa bastola.

Polisi niliwaambia niliogopa, na wanangu nao niliwaambia hivyo. Sikuogopa. Mbele yangu kulikuwa na kitu chenye nguvu kunizidi, kinanijia, na safari hii sikutaka kukiita baba. Nililenga shingo, chini ya sikio, nikafyatua.

Fahali hakuanguka kama nilivyokuwa nimewaona wanaume wa kwenye simu wakiangusha vitu. Alitoa mlio ambao sijausikia kwa ng'ombe mwingine, damu ikaruka hadi kwenye ukuta wa banda, naye akajigeuza kwa uzito wake wote. Rafiki yangu alikuwa kati yake na lango la chuma, kamba ingali mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Fahali alirudi nyuma kidogo, akamgandamiza tena kwa bega, na lango zima likalia.

Nilivuta kifyatulio mara ya pili. Kimya. Nikavuta tena, na tena. Ganda tupu la risasi lilikuwa limesimama wima, limebanwa juu ya bastola.

"Vuta nyuma!" Mkenya alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya gari. "Mzae, vuta hiyo kitu ya juu nyuma!"

Kidole changu kilichopinda kiliteleza. Sikuweza. Fahali akayumba, akatoka pale langoni, akapiga magoti katikati ya saruji, damu ikimtoka puani. Rafiki yangu aliteremka polepole ubavuni mwa lango mpaka akakaa chini. Mguu wake wa kulia ulielekea mahali ambapo mguu hauelekei, na suruali yake ilikuwa inageuka nyeusi kwa kasi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka kati ya watu, siwezi kusema ya nani.

"Mchinjaji! Mwahi! Mwahi kabla hajafa!"

Na wengine wakaipokea. "Mwahi! Atakuwa mzoga!"

Walikuwa wanasema kweli. Fahali akifa kwa risasi kabla ya kisu, nyama yake hailiwi, na Idi ya familia saba imeharibika kwa mkono wangu. Niliitupa bastola. Nilikimbilia pipani, nikakitoa kisu kwenye taulo. Njia ya kwenda kwa fahali ilipita langoni. Nilipompita rafiki yangu alinyoosha mkono akanikamata suruali.

"Yakhe," alisema. "Mguu."

"Naja," nilimwambia. "Naja sasa hivi."

Hakuachia. Nikavuta. Nikavuta kwa nguvu, kitambaa kikamtoka vidoleni, nikaenda.

Nilimshika fahali taya, nikaielekeza shingo kibla, nikasema bismillahi Allahu akbar, nikachinja. Alikuwa bado ana uhai, alipiga miguu, damu ilitoka ya moto na ya haraka kama inavyotakiwa. Kisu kilikata kwa mpito mmoja. Kati ya wanyama wote niliowachinja nchi hii, sidhani kama kuna niliyemchinja vizuri kuliko yule. Watu walipaza takbiri. Kwa pumzi chache nilijiona mtu aliyefanya kazi yake.

Kisha nikageuka.

Kando ya rafiki yangu alikuwa amepiga magoti mama mmoja Mkongo. Hatukumjua. Alikuja na mumewe kununua mbuzi, na baadaye nilisikia kwamba hufanya kazi ya kutunza wazee huko Alexandria. Alikuwa amekivua kitenge chake cha begani, amekifunga pajani mwa rafiki yangu, anakikaza kwa kuzungusha mpini wa koleo.

"Papa, angalia mimi! Usifunge macho. Unasikia? Angalia mimi!" Akainua uso. "Ndugu ya huyu muzee ni nani? Hana ndugu hapa?"

Watu walikuwa wananitazama.

"Mimi," nilisema.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kisu. "Basi weka kisu chini. Kuja ukamate hapa. Kamata nguvu."

Nikaushika ule mpini wa koleo. Damu ya fahali na damu ya rafiki yangu zilichanganyika mikononi mwangu, na yule mama akaendelea kumpiga rafiki yangu makofi madogo ya shavu, akimwita papa, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Rafiki yangu alikuwa macho. Hakunitazama.

Polisi waliichukua bastola, wakaniuliza maswali yao, wakamuuliza Mkenya yake. Mwenye shamba alitufukuza, na tangu hapo watu wetu huchinjiwa kwingine na mtu mwingine. Hospitalini walimkata rafiki yangu mguu chini ya goti. Mimi sikumuuliza daktari kama ule muda nilioutumia kwa fahali ungeweza kuuokoa mguu. Binti yake alimuuliza. Daktari alimjibu kwamba ungeweza, na yule binti, aliyezoea kuniita ami na kunibusu mkono, alipita mbele yangu ukumbini kama mtu anavyopita mbele ya mashine ya soda.

Baada ya muda Mkenya alinipigia.

"Mzae, wamenirudishia ile kitu. Sasa unaichukua, ama nitafute mtu mwingine?"

"Sichukui."

"Ni moja tu ilikwama, Mzae. Zile zingine zote zilitoka."

"Najua. Usimuuzie mtu."

"Ah, Mzae. Hiyo ni mali."

Sijui aliiuza kwa nani. Madereva wenzangu, nilipoacha kazi na kupita kuwaaga kabla ya kurudisha gari la kampuni, walinizunguka kwenye foleni ya hoteli. Kila mmoja amewahi kuibiwa au anamjua aliyeibiwa. Waliniuliza kama ilikuwa mbovu, kama wakiongeza pesa kidogo watapata isiyokwama. Nimelifikiria swali hilo kuliko wanavyodhani. Ile ya ghali isingekwama. Ningefyatua mara ya pili, na ya tatu, na nyuma ya fahali, kwenye mstari uleule, alikuwa rafiki yangu. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba ubovu wake ndio uliotuumiza. Niliwaambia bastola ile ilifanya kazi nilipoitaka ifanye, na kwamba hilo ndilo wasilolisikia kwa wanaume wa kwenye simu. Mmoja akasema mzee anazeeka. Wengine waliangalia chini.

Fungu la nyama la rafiki yangu lilikaa kwenye friza yangu mpaka aliporudi nyumbani. Nililitia kwenye mfuko, nikapanda basi, nikaenda kwake, ng'ambo ya pili ya Alexandria.

"Karibu, shemeji," alisema mkewe mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko.

Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kochi, kigutu cha mguu uliokatwa juu ya stuli. Amepungua. Nilimsalimia, akaitika. Nilimuuliza hali, akasema anamshukuru Mungu. Nikakaa.

"Ni ya yule?" aliuliza.

"Ni ya yule. Fungu lako."

"Ilihalalika?"

"Nilimwahi."

"Nilikuona ulivyomwahi."

Mkewe alikwenda jikoni na mfuko. Nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa.

"Risasi nimekusamehe," alisema. "Ulipigwa, ukapatwa na wazimu, nikakucheka badala ya kukaa nawe. Hilo tutaligawana. Lakini nilikushika suruali."

"Ulinishika."

"Ukavuta."

"Nilivuta."

"Ukasema unakuja."

"Nilisema."

Alingoja. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno, habari za familia saba, za sauti za watu, za mzoga. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja nililoweza kulitoa mbele ya ile stuli.

"Nilikuchagua wewe ungoje," nilisema. "Nilidhani wewe utangoja. Siku zote umekuwa ukinishikia kamba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ambayo alishaikisia.

"Nyama hiyo siwezi kuila," alisema. "Si haramu, nakujua mkono wako. Siwezi tu."

"Nimekuelewa."

"Mpe chai!" alimwita mkewe. "Amekuja kwa basi."

Chai ililetwa, kikombe kimoja, na vitumbua viwili kwenye kisahani. Nilivila vyote na chai nikaimaliza ingali moto, kwa sababu kuiacha kungekuwa kumwomba anihurumie. Alinitazama nikinywa. Nilipoinuka hakuniambia nirudi wala nisirudi. Alisema tu, "Shika ukuta hapo ngazini, balbu imeungua."

Mkewe alinirudishia mfuko mlangoni. Nyama ilikuwa imeanza kuyeyuka, na maji mekundu yalinidondokea kwenye viatu nikiteremka.